Sura ya Nne: Mtutu Uliodhaniwa Mtupu

Daktari aliifungua bahasha, akaimwaga polepole juu ya karatasi nyeupe. Yakabingirika marisau ya bunduki kumi na moja, meusi, madogo kama punje za mtama. Mwisho kikaanguka kibonge cha karatasi kilichokunjamana, kinene kama ncha ya kidole gumba.

“Hicho kilikuwa kimekwama kati ya mbavu,” alisema. “Kwanza nilidhani ni kitambaa cha shati lake. Nilipokiosha nikaona kina maandishi.”

Inspekta Ndululu alikikunjua kwa penseli mbili. Pembeni kilikuwa kimeungua. Katikati zilibaki herufi nne kubwa, SILE, na chini yake, kwa wino uleule, KILO 2. Karatasi yenyewe ilikuwa ya rangi ya waridi.

“Hii ni damu?”

“Damu ilitoka kwa maji. Hiyo rangi imekataa.”

Ndululu alikitia katika bahasha yake peke yake, akaandika juu yake tarehe 22 Januari 1976, akamwomba daktari atie sahihi. Kisha akatoka.

Koplo Mbuvi alikuwa ameegemea Land Rover, akila muwa.

“Ni risasi ya zamani, afande?”

“Ulipoanza shule, sukari ilikuwa inapimwa kwa kipimo gani?”

“Kwa ratili.”

“Na kilo zimekuja lini?”

“Juzi tu. Miaka michache.”

“Basi baruti iliyomuua Musembi, iliyozibwa kwa karatasi iliyoandikwa kilo, haikukaa miaka ishirini ndani ya mtutu.”

Mbuvi akaacha kutafuna. Tangu Ijumaa, kijiji kizima cha Tulia kilikuwa kikisema jambo moja. Mzee Musembi, mhunzi aliyetengeneza majembe na bunduki za watu kwa miaka arobaini, alikuwa ameletewa gobori na mkwe wake, Jonah Nzuki. Lilikuwa gobori la kizamani, la kushindilia baruti na marisau kupitia mdomoni. Kitundu cha fataki, kinachopeleka cheche kwenye baruti, kilikuwa kimeziba, na kizibo cha chuma cha nyuma kilikuwa kimeshikwa na kutu. Mzee akautia upande wa nyuma motoni ili kizibo kilegee, akaushika mtutu kwa upande wa mdomo, ambao ulikuwa baridi. Jonah alikuwa akivuta mivukuto. Gobori likalia bila mtu kuligusa, na mzee akakata roho kabla hajafikishwa barabarani.

Jonah aliandikisha kwamba aliyemuuzia, Billow Shire, mfanyabiashara wa mifugo wa Tseikuru, alimpa likiwa na baruti ya zamani ndani, bila kulipima wala kumwonya. Jumamosi Billow akakamatwa. Jumapili, watu waliotoka kanisani walipita sokoni wakalipiga mawe duka la binamu yake.

“Labda Jonah mwenyewe ndiye aliyeshindilia,” alisema Mbuvi wakiwa njiani. “Mzee hakuwa na mtoto wa kiume. Kuna shamba pale.”

“Na angekubali kukaa kwenye mivukuto, hatua moja kutoka kwa mdomo wa bunduki? Marisau mawili yalitoboa kofia yake. Nimeyaona matundu.”

“Basi hatuna mtu.”

“Tunaye mmoja ndani. Hatujamuuliza vizuri.”

*

Billow Shire aliletwa ofisini akiwa amevaa shati lilelile la Jumamosi. Alikuwa mtu mrefu wa miaka hamsini, mwenye ndevu zilizopakwa hina. Kupitia dirishani alionekana mkewe, Deqa, ameketi kwenye ngazi na chupa yake ya chai, kama alivyoketi kila siku tangu mumewe akamatwe.

Ndululu aliuweka mezani mtutu wa gobori, ukiwa umetolewa kwenye mti wake.

“Hili gobori lilikuwa lako?”

“La baba. Alilipiga mara ya mwisho wakati wa Emergency, enzi za Mau Mau. Alipokufa nikalitundika.”

“Kwa hivyo lingeweza kuwa na baruti ya baba yako ndani.”

“Lingeweza. Na lilikuwa nayo.”

Kalamu ya Mbuvi ikasimama.

“Ulisema Jumamosi ulilipima likiwa tupu,” alisema Ndululu.

“Nilisema nililipima. Hakuna aliyeniuliza nililipima vipi.”

“Nakuuliza sasa. Polepole.”

Billow alivuta kiti karibu. Alichukua ufito wa kupimia uliokuwa umesimama kando ya kabati, akauingiza katika mdomo wa mtutu mpaka ukagota, akabana kwa ukucha pale uliposawazika na mdomo. Akauchomoa, akaulaza juu ya mtutu kwa nje.

“Huu ndio mdeki, ule ufito wa kushindilia, tuseme. Angalia. Ukucha wangu uko mdomoni, na ncha imefika hapa, usawa wa kitundu cha fataki. Maana yake ndani hakuna kitu. Nilipopima lile la baba, ncha iliishia hapa.” Aligusa mahali palipokuwa upana wa vidole vinne kabla ya kitundu. “Vidole vinne havikufika. Nikajua mzee ameniachia zawadi.”

“Ukafanya nini?”

“Sikuvuta hata mtambo. Nilimwaga maji mdomoni na kwenye kitundu, nikalisimamisha siku tatu, baruti ife kabisa. Mdeki wetu una skurubu kwenye ncha ya chuma. Nikaizungusha ndani, nikavuta. Yakatoka manyoya ya ngamia, yakatoka marisau, ikatoka baruti kama matope. Nikaosha mpaka maji yakawa meupe, nikakausha, nikapaka mafuta. Nikapima tena.”

“Manyoya ya ngamia?”

“Baba alizibia hayo. Huko porini karatasi tungeitoa wapi?”

“Na Jonah aliona nini?”

“Siku ya kununua, mwezi wa Septemba, nilipima mbele yake, nikakata alama kwenye mdeki kwa kisu, usawa wa mdomo. Nikamwambia, alama hii ikizama mpaka hapa, ni tupu. Ikibaki nje, kuna mzigo. Kisha nikaweka fataki bila baruti, nikashika jani la mtama mbele ya mdomo. Fataki ikalia, jani likatikisika, maana njia iko wazi. Jonah mwenyewe akarudia. Alikuwa anacheka kama mtu aliyepata saa mpya.”

“Ameandikisha kwamba hukupima.”

Billow aliutazama mtutu. “Huo mdeki uko wapi? Alama yangu iko juu yake. Muulizeni mdeki.”

*

Ofisa wa kilimo hakuhitaji muda. Alikitazama kile kipande cha karatasi, akakinusa, akakirudisha.

“Ni pakiti yetu ya mbegu. Mahindi yametiwa dawa, ndiyo maana karatasi ina rangi hiyo. Juu imeandikwa USILE, chini kilo mbili.”

“Inauzwa dukani?”

“Hapana. Msimu huu tulizigawa bure kwa vikundi vya mwethya vya akina mama, wanaolima kwa pamoja. Oktoba. Matinyani tu. Huko kwingine hatukufika, ziliisha.”

“Tseikuru?”

“Hata moja.”

Ndululu alirudi kituoni akapiga simu kambi ya barabara ya Wote, Makueni, ambako Jonah alikuwa kibarua. Karani alimsomea daftari la mahudhurio. Jonah Nzuki alikuwa ametia sahihi kila asubuhi kuanzia tarehe sita Oktoba mpaka ishirini Desemba. Hakukosa hata siku moja.

“Pakiti ilifika Matinyani, kwao Jonah, Oktoba,” alisema Ndululu. “Jonah alirudi Krismasi.”

“Na gobori lilikuwa nyumbani kwake,” alisema Mbuvi, akichukua funguo za gari.

*

Nyumba ya Jonah ilikuwa juu ya kilima kidogo nje ya soko la Matinyani, ya matofali, yenye ua wa miiba kwa ajili ya mbuzi. Mkewe, Ndila, alikuwa ameketi mlangoni akichambua majani ya kunde. Alikuwa amejifunga kitambaa cheusi kichwani. Fundi Musembi alikuwa baba yake mzazi.

“Mwaitu, mama, pole tena na msiba,” alisema Ndululu.

“Asante. Karibuni. Baba Mutheu ameenda kuchota maji na punda, atarudi sasa hivi.”

“Hata wewe unaweza kutusaidia. Mbegu za msimu huu mlipata wapi?”

Ndila alishangaa kidogo. “Za kilimo. Kikundi chetu kilipewa. Pakiti mbili kila mtu.”

“Ziko wapi hizo pakiti?”

Aliingia ndani akarudi na moja, imekunjwa vizuri. Ilikuwa ya waridi. USILE. KILO 2.

“Na ya pili?”

“Nilichana.”

“Kwa kazi gani?”

Mwanamke aliketi tena. Alitazama daftari mkononi mwa Mbuvi.

“Kuna kosa mwanamke akishika bunduki ya mume wake?”

“Kibali kina jina lake, si lako. Lakini leo sikuja kwa hilo.”

“Ilikuwa Novemba,” alisema Ndila. “Mvua ilikuwa imeshika. Chui alikuwa amekula mbuzi wawili wiki moja, na mume wangu yuko Wote. Asubuhi moja kumekucha, ninaenda kukama, namwona yuko ndani ya ua kabisa, amesimama kwa mgongo wa mbuzi mwenye mimba. Nikarudi ndani. Nikashindilia.”

“Nani alikufundisha?”

“Hakuna. Mimi ni binti ya fundi, afande. Nimekua nikimwona baba. Unatia kipimo cha baruti, unatia karatasi, unashindilia na mdeki. Unatia marisau, unatia karatasi tena. Nikaenda mpaka uani, nikavuta.”

“Ikalia?”

“Fataki tu. Pa! Moshi ukatoka pale kwenye kitundu, fyuu, basi. Chui akaruka akaenda. Nikafikiri baruti imeungua bila nguvu kwa sababu ya unyevu, na marisau yameanguka kwa nyasi. Nikalirudisha ukutani. Sikumwambia mtu. Mume wangu alikuwa amenikataza hata kulipangusa vumbi.”

“Mpaka leo hujamwambia?”

“Nilimwambia juzi, Jumanne. Tulikuwa tunaongea habari ya baba. Nikasema, hiyo bunduki ya Msomali ilikuwa mbaya tangu mwanzo, hata mimi ilinikataa.”

“Akasema nini?”

“Alitoka nje, akakaa huko sana.”

“Mdeki uko wapi, mwaitu?”

“Aliuchoma. Jumanne hiyohiyo. Aliukata na panga akautia jikoni. Nikamuuliza, kwani tumekosa kuni? Akasema hataki kuuona kwa macho yake.”

Ndululu aliomba ruhusa, akaingia jikoni. Alichuchumaa mbele ya mafiga, akapekua majivu kwa kijiti, kidogo kidogo, akiyasogeza upande mmoja. Chini kabisa kijiti kiligonga chuma. Akakitoa kile kipande, akakipuliza. Kilikuwa kirefu kama kidole cha kati, na mwishoni kilikuwa na skurubu iliyojizungusha mara mbili. Karibu nacho kulikuwa na kipande cha mti ambacho hakikuungua chote, na juu yake mkato mmoja wa kisu, ulionyooka.

Alipogeuka, Ndila alikuwa amesimama mlangoni na majani ya kunde mkononi.

“Yule Msomali alipima?” aliuliza.

“Alipima. Alitoa mzigo wa zamani, akaosha, akapima tena. Mumeo aliona.”

“Kwa hivyo siku alipolinunua lilikuwa tupu.”

“Lilikuwa tupu.”

Majani yalimwanguka mkononi moja moja, naye hakuyatazama.

*

Jonah alifika na punda wake wakati Mbuvi akiandika. Alikuwa mtu mpole, shemasi wa kanisa, na tangu Ijumaa alikuwa amekonda usoni. Ndululu alimchukua mpaka nyuma ya ghala la nafaka, akafungua kiganja chake.

Jonah aliiona ile skurubu. Akaketi juu ya jiwe.

“Billow alikata alama mbele yako,” alisema Ndululu.

“Ndiyo.”

“Na ukapima mwenyewe.”

“Nilipima.”

“Basi kwa nini uliandikisha uongo Ijumaa? Ijumaa ulikuwa hujui habari ya mkeo.”

Jonah alijifuta uso kwa kofia, ile yenye matundu mawili.

“Niliamini amenidanganya kwa ujanja fulani nisioujua. Niliwaza, kama si yeye, ni nani? Nikasema hakupima, ili mmkamate upesi. Jumanne, Ndila aliponiambia habari ya chui, ndipo nikaelewa.”

“Ukachoma mdeki na ukamwacha mtu ndani.”

“Ndiyo.”

“Krismasi ulilijaribu gobori?”

“Niliweka fataki, nikavuta. Ililia, lakini jani halikutikisika. Nikafikiri ni kutu tu imeziba. Ndiyo maana nikalipeleka kwa mzee.”

“Jani halikutikisika, na hukupima.”

“Sikupima.”

“Na mzee? Miaka arobaini ya kazi hii. Hakuuliza?”

Jonah alimvuta punda aliyeanza kula nyasi za paa la ghala.

“Aliuliza mara mbili kama ni tupu. Nikasema ni tupu. Akasema, leta mdeki tupime, mimi sifungui bunduki bila kupima. Mdeki nilikuwa nimeuacha nyumbani. Nikamwambia, baba, ni mbali, jua ni kali, mimi niliona ikipimwa kwa macho yangu. Akacheka. Akasema, haya, mkwe amesema.”

Ndululu aliandika maneno hayo yote, bila kuinua kichwa.

“Afande,” alisema Jonah, “mtoe Billow. Nifungeni mimi. Andika kwamba mimi ndiye niliyeshindilia. Nitatia sahihi popote. Lakini Ndila asijue. Akijua ni mkono wake, ataishi vipi?”

“Novemba ulikuwa Wote. Sahihi yako iko kwenye daftari la kambi kila asubuhi. Siwezi kuandika uongo wa pili ili kuziba ule wa kwanza.”

“Basi mwache tu asijue.”

“Nimeshajua.”

Ndila alikuwa amesimama kwenye kona ya ghala. Alikuwa amejifunga leso na kushika kikapu chake, kama mtu anayeenda safari.

“Baba aliuitisha mdeki?” aliuliza.

Jonah alitazama chini.

“Uliniambia hakuuliza kitu. Nimekuuliza kila siku, alisema nini mwisho, ukaniambia hakusema kitu.”

Jonah aliinuka amshike mkono. Ndila alirudi nyuma hatua moja, hatua fupi tu, na Jonah akabaki amenyoosha mkono. Kisha mwanamke akamgeukia Ndululu.

“Twende niandike. Mtu wa watu amelala ndani siku sita.”

*

Aliandika mwenyewe, kurasa mbili, kwa mwandiko wa shule ya misheni. Pale Ndululu alipomshauri aseme “bila kujua”, aliandika, kisha akaongeza kwa hiari yake kwamba mumewe alikuwa amemkataza kugusa bunduki na yeye akaigusa. Jonah alibaki kituoni kujibu shtaka la kutoa maelezo ya uongo. Ndila angeitwa mbele ya hakimu kwenye uchunguzi wa kifo, lakini leo aliruhusiwa kwenda.

Saa tisa Billow Shire alitolewa. Deqa alikuwa amekwisha kusimama, chupa ya chai kwapani. Wakakutana na Ndila ukumbini.

“Ni mimi niliyeshindilia,” alisema Ndila. “Watu wametukana jina lako kwa ajili ya kitu nilichofanya mimi. Sikujua. Nimekuja kukwambia mwenyewe.”

Billow aligeuka kumtazama.

“Wewe ndiwe binti ya marehemu?”

“Ndiyo.”

“Nilimwonyesha mumeo kila kitu,” alisema Billow. “Sikumuuliza ni nani mwingine anakaa nyumba moja na hiyo bunduki. Hilo nimeliwaza sana humo ndani.” Aliweka mkono kifuani. “Mungu amrehemu mzee.”

Deqa alimshika mumewe kwenye kiwiko, wakatoka, wakashika njia ya soko, kuelekea lile duka lililovunjwa vioo. Watu wawili waliokuwa wamekaa kivulini mwa posta walinyamaza walipopita. Hakuna aliyewasalimu.

“Tutakurudisha Matinyani,” Ndululu alimwambia Ndila.

“Hapana. Nipeleke Tulia, kwa mama.”

Walipolipita banda la mhunzi, lililofungwa kwa mnyororo, Ndila aligeuza uso upande mwingine. Mbuvi alizima gari chini ya boma la marehemu, mahali ambapo ua ulionekana wote.

“Mwaitu, naweza kumwambia mama yako mimi,” alisema Ndululu. “Ni kazi yangu. Nimewaambia watu wengi habari mbaya.”

“Hii ataambiwa na mimi.”

Akashuka. Mamake, Kalunde, alikuwa akianika mtama juu ya turubai. Alipomwona bintiye alijipangusa mikono, akaja mbio akitabasamu, akanyoosha mkono kupokea kikapu. Ndila hakumpa. Alisimama akaongea. Kutoka kwenye gari hawakusikia neno hata moja. Waliona tu jinsi tabasamu la mama lilivyokaa usoni kwa muda mrefu kuliko ilivyopasa, kama mtu ambaye hajasikia vizuri, na jinsi lilivyoondoka.

Kalunde aliinua mkono wa kulia juu, kana kwamba atapiga. Ndila hakukwepa, wala hakufumba macho. Mkono ulibaki juu. Kisha ukashuka taratibu, ukalishika bega la binti yake, na wote wawili wakaketi chini palepale katikati ya mtama.

“Twende, afande?” Mbuvi alinong'ona.

“Ngoja kwanza.”

Kuku walikuja wakaanza kudonoa mtama kandokando yao, na hakuna aliyewafukuza. Jua lilikuwa limeanza kushuka upande wa vilima Kalunde alipoinuka. Alijikung'uta leso, akamvuta binti yake kwa mkono mpaka naye akasimama, akachukua kikapu, akamtanguliza ndani ya nyumba.

Ndululu alimwashiria Mbuvi awashe gari.